Kwao Wana Nini?

Kwetu Muheza, kijana akitaja jina la mchumba nyumbani, wazee hawaanzi kuuliza kama binti amesoma au ana tabia njema. Swali la kwanza ni moja: kwao wana nini? Yaani ni kitu gani kinatembea katika ukoo wao. Kifafa, ukoma, wazimu, watoto wasiokua. Hutumwa mtu mzima mwenye ulimi mtamu akapige hodi kwa majirani wa huko kama mpita njia anayeomba maji, na akirudi huwa na jibu.

Mama yangu aliulizwa swali hilo kwa kuchelewa, akiwa tayari na watoto wanne. Tena hakuulizwa yeye. Ndugu wa upande wa baba walikuwa wanaulizana wao kwa wao barazani, kwa sauti ya kumfikia jikoni.

Sababu ilikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alizaliwa mwaka 1984, mzito, mwenye afya, mwepesi wa kucheka. Alipofika miezi minane viganja na nyayo zake zilivimba zikawa kama maandazi, akawa hagusiki, analia usiku kucha. Baadaye macho yakaingia manjano. Alipoanza kusema, neno mojawapo la mwanzo lilikuwa “mifupa”. Masika yakianza, usiku ukipoa, alikuwa anaita mama na kusema mifupa, mifupa, na mama anapasha mafuta ya nazi, anamkanda mpaka adhana ya alfajiri.

Bibi alisema ni jicho. Jirani alisema ni mzimu wa kwa kina mama. Mganga alimchanja chale magotini. Hospitali moja tuliyompeleka mara nyingi iliandika malaria kila safari, na haikuwa uongo, kwa sababu katika Muheza ya miaka ile ni mtoto gani hakuwa na malaria? Jina la selimundu tulilisikia akiwa na miaka mitatu. Alifariki mwezi wa sita mwaka 1988, kwa homa iliyoanza asubuhi baada ya chai na kummaliza kabla ya isha. Matanga yaliisha, lakini lile swali la barazani halikuondoka na wageni.

Leo mimi ni mwalimu wa Biolojia wa sekondari, na kila mwaka mada ya urithi inapofika kidato cha nne, naingia darasani nikiwa na swali la shangazi zangu kifuani. Jibu lake nimelipata katika elimu ya jeni na mageuko ya viumbe, elimu ambayo wengi wetu tunadhani inahusu mifupa ya kale ya Olduvai tu. Kwao wana nini? Kwao wana malaria. Na kwa baba wana malaria. Na kwenu pia, msomaji, kama mizizi yenu iko Pwani, kandokando ya Ziwa Viktoria, Kigoma au bonde la Kongo, mna malaria ndani ya damu hata kama hamjaugua miaka kumi, kwa sababu imekaa na mababu zetu muda mrefu kiasi cha kuamua ni jeni zipi zifike kwetu na zipi zisifike.

Nieleze kwanza ugonjwa wenyewe. Wekundu wa damu unatokana na hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, yenye minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta ni asidi amino 146 zilizopangwa mfululizo kama shanga. Katika selimundu, shanga moja tu imebadilika, ile ya sita: palipotakiwa kuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini. Ukirudi kwenye jeni inayotoa maagizo hayo, tofauti ni herufi moja, A imekuwa T. Hakuna kingine. Lakini kwa herufi hiyo, hemoglobini zikipungukiwa oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu iliyokuwa laini na ya mviringo hujikunja kama mundu wa kukatia majani. Chembe za namna hiyo hukwama kwenye mishipa myembamba, na hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapotoka. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na takataka zake ndizo zinazotia macho manjano. Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika juu ya chembe hizi mwaka 1910, baada ya kuchunguza damu ya kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa anasomea udaktari wa meno huko. Kosa la ile shanga lilichukua karibu miaka hamsini zaidi kufahamika, mpaka Vernon Ingram alipoionyesha shanga iliyobadilika huko Cambridge mwaka 1956 na 1957.

Mtoto hupata jeni mbili za beta, moja kwa mama na moja kwa baba. Akipata zote nzima tunamwita AA; A hapa ni jeni nzima, si ile herufi A iliyogeuka T. Akipata moja nzima na moja ya mundu ni AS, na kwa kawaida anaishi bila kujua. Akipata mbili za mundu ni SS, naye ndiye mgonjwa. Shikilia hapo: ili mtoto awe SS lazima apokee S kutoka pande zote mbili. Hakuna mama anayeweza kuuleta ugonjwa huu peke yake.

Sasa fumbo. Zamani, kabla ya dawa, watoto wengi mno wa SS walikufa wakiwa wadogo. Jeni inayoua watoto kabla hawajazaa ingepaswa kupungua kizazi hadi kizazi, mpaka ibaki kwa mtu mmoja mmoja wa nadra. Lakini mwaka 1949 watafiti wawili, Lehmann na Raper, walipopima watu wa Bwamba, magharibi ya Uganda, waliikuta kwa asilimia 45 ya watu. Karibu nusu! Kitu kinachoua kimewezaje kuenea hivyo?

Mwaka huohuo kijana aliyekuwa anasomea udaktari Oxford, Anthony Allison, alikuja na msafara wa chuo chake hadi Mlima Kenya. Hakuwa mgeni wa nchi, maana alikulia Kenya, kwenye shamba la wazazi wake karibu na Gilgil. Kazi aliyopewa ilikuwa kukusanya damu za makabila mbalimbali ili kulinganisha makundi ya damu. Yeye akaongeza kipimo cha selimundu. Matokeo hayakufuata lugha wala ujamaa wa makabila. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni hiyo; nyanda za juu na nchi kame, hata mmoja kati ya mia hakufika. Mtu aliyeijua Kenya kama yeye hakuhitaji kuambiwa maana yake. Hiyo ilikuwa ramani ya mbu.

Allison alimaliza masomo, akarudi mwaka 1953 kulithibitisha wazo lake. Kwa watoto wa Uganda alionyesha kwamba wenye AS walikutwa na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Kisha akafanya jaribio ambalo kila nikilisoma nasita. Alichukua wanaume Waluo 30 waliojitolea, 15 wenye AS na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Kati ya wale wasio na jeni, 14 waliota vimelea. Kati ya wale wenye AS, wawili tu. Walitibiwa, naye akachapisha mwaka 1954. Namheshimu Allison kwa macho yake, lakini sipendi jaribio lile. Wanaume wale majina yao hayatajwi popote ninapofundisha, na walikuwa watu wa nchi iliyotawaliwa, iliyokuwa wakati ule chini ya hali ya hatari. Kujitolea kwao kulikuwa kwa kiasi gani? Nawaambia wanafunzi wangu kwamba wakiijua hesabu ya 14 na 2, wajue pia kwamba ni hesabu ya watu waliotetemeka kwa homa.

Hesabu nyingine naifanya kwa maharage. Naweka kwenye ndoo maharage meupe 180 na mekundu 20, mekundu ndiyo S. Wanafunzi wanachomoa mawili mawili bila kutazama. Kila jozi ni mtoto mmoja. Ukirudia mara nyingi, wastani wa watoto mia unakuwa hivi: 81 wana meupe mawili, 18 wana jeupe na jekundu, na mmoja ana mekundu mawili. Huyo mmoja tunamtoa. Amekufa kwa selimundu, na maharage mekundu mawili yameondoka naye.

Kama mchezo ungeishia hapo, mekundu yangeendelea kupungua. Kwa hiyo nasema: sasa mbu wanakuja. Kati ya wale 81 wenye meupe matupu, ondoeni tisa. Wamekufa kwa malaria ambayo jekundu moja lingewakinga. Darasa linahesabu waliobaki: 72 wa meupe matupu, 18 wa mchanganyiko, jumla 90. Maharage 180, mekundu 18. Sehemu moja ya kumi, vilevile kama tulivyoanza.

Kila mwaka kuna ukimya hapo, na kila mwaka kuna mtoto wa nyuma ambaye huwa hasemi, ananyoosha mkono: “Mwalimu, kwa hiyo tisa na mmoja?”

Ndiyo. Tisa wanakufa kwa kukosa jekundu, mmoja anakufa kwa kuwa nayo mawili, na mizani inatulia. Wataalamu huita hali hii uteuzi asilia wa kusawazisha. Katika maisha halisi namba hubadilika kwa mahali na nyakati, na maharage yangu ni mfano tu, lakini ndivyo mizani inavyofanya kazi. Uteuzi asilia hauna akili wala huruma. Haukumchagua mtu. Kilichotokea ni kwamba, kwa karne nyingi, waliobaki hai kuzaa ni wale ambao mbu hawakuwamaliza, na wengi kati yao walibeba nusu ya ugonjwa wa mdogo wangu.

Kinga yenyewe ni kubwa. Mtoto wa AS hatari yake ya kupata malaria kali, ile ya degedege na kupoteza fahamu, hupungua kwa takriban asilimia 90. Homa anaweza kuipata, vimelea anaweza kuwa navyo, lakini mara nyingi haviendi mbali. Kimelea kikiingia kwenye chembe yake hukua kwa shida pale penye oksijeni kidogo, na chembe yenyewe hujikunja mapema na kukamatwa na bandama. Tena vimelea vya malaria hatari zaidi huota vijishikizo juu ya chembe ili zing’ang’anie kuta za mishipa, hata ya ubongo; katika chembe za AS vijishikizo hivyo huwa dhaifu.

Hapa naomba nikanye kosa moja ninalolisikia hata kwa watu waliosoma: kwamba mgonjwa wa selimundu haugui malaria. Ni kinyume kabisa. Kinga ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria, damu yake ambayo tayari ni haba hushuka kwa ghafla, na malaria ni miongoni mwa vitu vinavyomuua upesi. Yeye ndiye wa kwanza kulala ndani ya chandarua, si wa mwisho.

Jeni hii ni ya lini? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba herufi ile ilibadilika mara moja tu, kwa mtu mmoja wa Afrika, miaka 7,300 hivi iliyopita. Mtu mmoja! Maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi kuhusu ilivyoenea yanahusu jembe. Watu walipoanza kulima, kufyeka msitu na kukaa pamoja vijijini, walimpa mbu wa malaria vyote anavyovipenda: vidimbwi vyenye jua na watu wengi waliolala karibukaribu. Kilimo kilituletea chakula, kikatuletea malaria ya kudumu, na malaria ikaipandisha selimundu. Wazee walioleta mihimili ya maisha yetu, wakiteremka na lugha za Kibantu hadi huku, walikuja nayo.

Nayo haikuishia ufukweni. Oman leo ina selimundu nyingi, na wataalamu walipoangalia jeni zinazoizunguka S ya Waomani, kama unavyoangalia nakshi za mlango ili kujua fundi wake, walikuta aina tatu: ya Uarabuni na India, ya Benin, na ile inayoitwa ya Kibantu. Msomaji wa Zanzibar hahitaji kueleweshwa njia iliyopitiwa. Ni majahazi, ni ndoa, na ni utumwa. Kuna familia za Maskati ambazo zinasema Kiswahili mpaka leo, na kuna nyingine ambazo lugha imewatoka lakini damu bado inahifadhi kumbukumbu ya bahari ile.

Ukishaona mizani hii mara moja, unaanza kuiona kwingine. Ukiuliza kwa wafugaji wana nini, jibu ni ng’ombe: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng’enya maziwa ulizuka huku kwa mabadiliko ya jeni yaliyo tofauti na yale ya Wazungu, ndani ya miaka elfu chache tu. Ukiuliza kwa nini Wamarekani weusi wanaugua figo kuliko weupe, sehemu ya jibu, iliyopatikana mwaka 2010, ni jeni ya APOL1: aina zake mbili zilizoenea zaidi Afrika Magharibi huipa damu uwezo wa kuua vimelea vya malale, lakini mwenye kurithi nakala mbili anahatarisha figo zake. Hesabu ileile ya maharage, ila mdudu ni mbung’o badala ya mbu.

Lakini utafiti unaonishangaza kuliko yote umetoka jirani, Kilifi. Pwani yetu ina jeni nyingine ya kinga, alfa thalasemia, ambayo hupunguza utengenezaji wa ule mnyororo wa alfa. Ni ya kawaida sana: zaidi ya nusu ya watoto wa Kilifi wanayo kwa kiasi fulani. Peke yake inakinga dhidi ya malaria kali. Selimundu ya AS peke yake inakinga. Mtu angetarajia mwenye zote mbili awe kama amevaa koti juu ya koti. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba mtoto aliyerithi zote mbili, kinga inafutika. Anabaki karibu sawa na asiye na kitu. Nimefundisha miaka mingi na bado sipati sentensi fupi ya kumweleza mwanafunzi jambo hili bila yeye kukunja uso. Linaonyesha kwamba mwili haukujengwa na fundi aliyekaa na ramani. Ni nyumba iliyoongezwa vyumba na kila aliyepita, kila mmoja akiziba tundu la wakati wake.

Na adui naye hakulala. Mwaka 2021 utafiti uliotumia damu za watoto wa Gambia na Kenya ulionyesha kwamba baadhi ya vimelea vya malaria vyenyewe vina mabadiliko ya jeni yanayovisaidia kumuingia mtu wa AS. Sisi tuliweka kufuli, wao wanachonga ufunguo. Mashindano haya yanaendelea sasa hivi, katika damu ya mtoto anayecheza kibe huko Kilifi.

Watu huniuliza: kama ni malaria iliyoileta, basi tukiimaliza malaria selimundu itakwisha yenyewe? Narudi kwenye ndoo. Ondoa mbu, usiwatoe wale tisa, mtoe yule mmoja tu. Kizazi cha kwanza, mekundu yanashuka kutoka 10 katika mia hadi 9 na ushei. Ili yafike 5 unahitaji vizazi kumi. Ni miaka 250 au zaidi, na hiyo ni kwa sharti la kikatili, kwamba kila mtoto wa SS afe bila kuzaa, jambo ambalo hakuna mwenye utu anayelitaka. Kwa hiyo jeni hii haiondoki. Mbu wameiacha kwetu kama mdai aliyefariki ambaye daftari lake bado lipo dukani. Makadirio yanayotumika ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania, na nchi yetu iko miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa kabisa duniani, pamoja na Nigeria, India na Kongo.

Hapo ndipo ninapokasirika, maana mengi yanayowaokoa watoto hawa si ya ajabu. Bandama la mtoto wa SS huharibika mapema kwa kuzibwa na chembe zilizojikunja, kwa hiyo bakteria wa nimonia wakiingia kwenye damu hakuna wa kuwazuia. Mwaka 1986 Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo wa SS hupunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Penisilini! Dawa ya bei ya soda. Sisi tulipewa jina la ugonjwa mwaka 1987, na homa ya siku moja ikamchukua mdogo wangu 1988. Sasa naielewa ile siku saa kwa saa. Hakurogwa, wala mama hakuchelewa. Mlinzi wake alikuwa ameharibika na hakuna aliyetuambia tuweke mwingine.

Leo chanjo ya nimonia iko kwenye kadi ya kliniki ya kila mtoto, kuna penisilini, foliki asidi, dawa za kukinga malaria. Muhimbili walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa utaratibu, kazi ya Profesa Julie Makani na wenzake, wakathibitisha kwamba walio katika hatari kubwa ya kufa ni wale wa chini ya miaka mitano. Kinachokosekana ni kumjua mtoto mapema, siku ya kwanza, kwa tone la damu ya kisigino, kabla viganja havijavimba.

Kuna dawa nyingine, haidroksiyurea, ambayo historia yake ni somo zuri la jinsi mageuko yanavyoweza kutufundisha tiba. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York aligundua kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawana chembe nyingi za mundu. Akaeleza kwamba wanalindwa na hemoglobini ya tumboni, ile ambayo mtoto huitumia kabla ya kuzaliwa na ambayo hupungua katika miezi ya mwanzo ya maisha. Ndiyo maana mdogo wangu alikuwa mzima kwa miezi saba. Baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wa mashariki ya Saudia na wa India, ambao damu yao huendelea kuwa na hemoglobini hiyo ukubwani, ugonjwa wao ni mwepesi zaidi. Maumbile yalikuwa yameshafanya jaribio kabla yetu. Haidroksiyurea huipandisha hemoglobini ile. Kulikuwa na hofu kwamba kwa watoto wa Afrika ingewaongezea malaria. Jaribio lililofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale kwa watoto 606, likachapishwa mwaka 2019, likaonyesha kwamba maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba inayokata jeni ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe ili kuiamsha hemoglobini ileile ya tumboni. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Nawafurahia kwa moyo wote waliopona. Ila watoto walio wengi wako huku, na huku bado kuna mzazi anayerudi dukani bila haidroksiyurea kwa sababu mwezi huu haijafika au fedha hazikutosha.

Mimi nilipima kabla ya ndoa. Ni AS. Mchumba wangu alikuwa AA, tukaoana bila wasiwasi huo. Wanafunzi huniuliza, je, wangekuwa AS wote wawili? Nawaambia kila mimba ingekuwa na uwezekano wa robo, kila mimba upya, haihesabu waliotangulia. Nawaambia pia kwamba sikubali watu wakatazwe kuoana kwa sababu ya herufi moja. Nataka wapime, wajue, na hospitali iwe tayari kwa mtoto wao. Na kuna jambo silisemi darasani. Katika utoto wangu wa Muheza niliugua homa nyingi na zote zikapita. Wawili niliokaa nao dawati moja shule ya msingi degedege liliwachukua. Inawezekana sana kwamba niko hai kwa nusu ya kile kilichomuua mdogo wangu.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea mama na mfuko wa maharage kwenye mkoba. Alikuwa kibarazani anachambua mchele.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Na hayo maharage? Mimi ninayo ndani.”

Nikakaa mkekani, nikamtengea meupe na mekundu, nikamwonyesha polepole. Huyu wewe, jeupe na jekundu. Huyu baba, jeupe na jekundu. Nikachanganya, nikamchomolea watoto wake wanne. Alikuwa anafuatilia kwa kidole kama anayesoma msahafu. Nilipoweka mekundu mawili pamoja hakuuliza ni nani. Aliyashika, akayaweka kwenye kiganja chake.

“Hili moja ni langu.”

“Ndiyo.”

“Na hili?”

“La baba, mama. Lazima liwe la baba. La kwako peke yake lisingefanya kitu.”

Alinyamaza muda mrefu. Baba amefariki siku nyingi, na mama si mtu wa kumsema marehemu. Akayarudisha maharage yote kwenye mfuko, mekundu na meupe, akaufunga fundo.

“Jumapili shangazi yako anakuja,” akasema. “Usiondoke kabla hajafika. Na huu mfuko uache hapa.”